Alama Ishirini na Saba za Ansima

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya simu moja. Dada yangu mdogo, Nabintu, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alinipigia huku akilia kwa furaha.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "Ansima amefaulu! Amepata makumi mbili na saba. Mutoto wa jirani, ule wanasemaka iko na akili, amepata kenda tu."

Ansima, binti yake, alikuwa amemaliza darasa la saba. Sasa ilibidi itafutwe shule ya sekondari ya serikali inayomstahili, na nani angeitafuta kama si mimi, mtu pekee katika ukoo mwenye shahada na miwani? Nikampongeza mtoto, nikanunua daftari jipya la kulinganishia shule, nikapanda basi.

Mbarara niliingia siku ya pili, alfajiri, miguu imevimba. Kutoka hapo ni migomba, halafu ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko madeni ya shukrani, halafu vumbi. Vumbi ndilo linalokuambia umefika.

Saa tano asubuhi nilikuwa Nakivale. Nyumba ya Nabintu ina kuta za udongo na turubai juu. Ndani kuna kiti kimoja tu chenye egemeo. Wengine hukalia madumu ya maji. Nilikalishwa kwenye kiti. Ansima, msichana mrefu wa miaka kumi na minne, alinisalimia akaenda kuteka maji kabla sijafungua mdomo. Nikajisemea: mnyenyekevu, kama wenye akili wote.

Nabintu alinisimulia jinsi walivyotoa shukrani kanisani. "Hata ule mama Murundi wa jirani alikuya. Nilimuambia pole, mutoto wake atarudilia mwaka. Alipiga makofi tu."

Mchana huohuo nilitembelea shule ya kwanza, iliyo humohumo katika makazi. Wanafunzi watatu hadi wanne walibanana kwenye dawati moja, na wengine walikuwa wamekaa dirishani, migongo yao ikizuia mwanga. Mwalimu mkuu, Mnyankole mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alinipokea amesimama kwa sababu kiti chake kilikuwa darasani.

"Leta mtoto leo, ssebo, bwana. Nafasi imebaki moja."

"Huyu ana ishirini na saba," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenye duka.

"Nimesikia. Hiyo ni sawa. Leta tu."

Nikamjibu kwa adabu kwamba tunatafuta juu zaidi. Akapangusa chaki kwenye nyusi. "Sawa, mzee. Wewe ndio unajua." Nje ya lango nikaipa shule yake thelathini na tano kwa mia.

Kesho yake nilikwenda Masha, kwenye njia ya kurudi Mbarara. Shule ya huko ina miti, tangi la maji, na ng'ombe wanaokatiza uwanja bila kuomba ruhusa. Mwalimu wa kemia alikuwa akichora chupa ubaoni kwa ustadi mkubwa, maana chupa zenyewe hazikuwepo. Mkuu wa shule alikuwa msibani. Nikaandika hamsini na tano, kumi kati ya hizo zikiwa za miti.

Jioni nikafika Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kulala kwa Hajji mmoja muuza vitenge aliyefahamiana na marehemu shemeji yangu, baba yake Ansima. Nikamweleza habari ya Ansima.

"Ishirini na saba?" akauliza.

"Ishirini na saba!" nikamjibu.

Akaniongezea chai. Nilidhani ni pongezi.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya shule kubwa ya mjini: maua, maabara, vioo vyote vizima. Nikaandika tisini kabla sijaingia. Naibu mkuu, mama mtulivu, alinikaribisha ofisini.

"Hapa mwisho wetu ni kumi na mbili," akasema.

"Basi sisi tumepita mbali, madamu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, mmetoka Kongo? Kwenu mnahesabu kwa mia, kwenda juu. Kwa Uganda tunahesabu kurudi chini. Masomo ni manne. Ukifanya vizuri sana, kila somo unapata moja. Jumla, nne. Huyo ndio wa kwanza. Thelathini na sita, huyo ameanguka kabisa."

"Na tisa, kama ya mtoto wa jirani?"

"Tisa tunachukua mbio mbio."

Hakucheka. Ningependelea acheke.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, lakini ng'ombe sasa walionekana kunitazama. Nilifikiria kumwambia Nabintu kwamba shule zote zimejaa. Uongo huo nao ulikuwa karibu na ukweli, maana nafasi pekee iliyokuwepo niliikataa mimi, kwa mdomo wangu.

Saa tisa alasiri nilimkuta Ansima bombani, kwenye foleni. Aliponiona uso akaacha dumu lake.

"Tonton," akaniita mimi mjomba wake, "balikuambia?"

"Kumbe unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mwalimu alisoma majina, akaanza na mutoto wa jirani. Nilifika nyumba, nikasema namba, mama akaanza kuimba."

"Mbona hukumwambia?"

"Tangu papa alikufa, hakukuwa anaimba."

Tulikwenda moja kwa moja kwenye ile shule ya makazini. Mwalimu mkuu alikuwa akifunga ofisi. Nafasi ile ilichukuliwa jana. Nikaomba, kwa sauti tofauti na ile ya juzi. Akamtazama mtoto, si mimi.

"Jina naweza andika. Lakini pa kukaa hakuna. Aje na kiti chake."

Nyumbani nilisema yote, nimesimama. Nabintu hakulia. Akasema tu, "Na mimi nilimuambia ule mama pole." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda kwa jirani. Walichoongea sikukisikia. Aliporudi hakuimba.

Watakaosoma haya huko Bukavu watauliza ni shule ipi bora. Kurasa nilizoandika ninazo bado, ila majibu yake nayaogopa. Nimejifunza kwamba mlango mmoja tu ulikuwa wazi kwa mtoto wetu, na kwamba mtu aliyekaribia kuufunga alikuwa na shahada.

Asubuhi, kabla sijaanza safari, Ansima alitoka na kile kiti chenye egemeo kichwani, miguu ya kiti juu, daftari langu lililobaki karibu tupu mkononi. Nilikuwa nimechomoa kurasa zangu tatu. Nabintu alimtazama mpaka akapotea vumbini. Kisha akanisukumia dumu, nikakaa.