Ubeti wa Tatu

Baba yangu alimpigia bibi udi katika harusi nyingi za Sharqiya, mashariki ya Omani, wala hakupata kumuona mama yake akiimba hata katika moja. Wanawake walikaa ndani, wanaume nje, na mlangoni likatundikwa pazia. Nyuma ya pazia alikaa baba na udi wake, pamoja na ami yangu mwenye fidla. Upande wetu alikaa bibi, ndiye mwimbaji. Mama yangu, mkwe wake, na ngoma ya dumbak mapajani. Na mimi, binti mdogo wa kupiga makofi. Baba alimfuata bibi kwa sikio tu.

Tulikaa Nizwa, ambako baba alikuwa karani wa serikali. Jumatano, siku ya mwisho ya juma la kazi huko, baba akitoka kazini, tulijipakia garini, vyombo tumevifunga kwa mablanketi kama watoto wenye homa, tukashika njia ya Izki kwenda Ibra, na mara nyingine mpaka Sur. Penye harusi ya watu waliotoka Unguja tuliitwa, na tulipoitwa tulikwenda. Njia nzima bibi alimchokoza mama. Akimsikia anaimba chini chini dirishani, humwambia sauti hiyo ni ya kuitia kuku, bora aifungie ndani. Mama hucheka, akanyamaza. Nami nikaamini kwamba mama hajui kuimba.

Mwaka ule bibi alikuwa ameanza kupotewa na mambo. Aliniita kwa jina la shangazi, akatia chumvi mchuzi uliokwisha chumvi. Nyimbo tu hazikumpotea, na sote tuliegemea hapo. Mwenyewe alikwisha mwambia baba kwamba siku wimbo utakapomkimbia asimtie tena garini, kwani hataki kuchukuliwa kama mzigo.

Harusi ile ilikuwa Sur, baada ya alasiri. Bi harusi alikuwa ameshakaa, udi wa kufukiza umejaa chumbani, na bibi alikuwa akiimba wimbo mrefu wa kumpokea. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu alivuta pumzi, mdomo ukafunguka, na hakutoka kitu.

Baba, asiyetuona kwa pazia, aliurudia mzunguko wa muziki akimngoja. Wanawake wakapiga makofi, wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Akaurudia tena. Ami akaongeza madoido ya fidla kupoteza wakati. Bibi alikuwa akiuvuta ukingo wa kanga yake, macho yakitembea ukutani kana kwamba maneno yametundikwa huko.

Kwetu, kumdakia mwimbaji maneno lilikuwa tusi, hata akikwama. Mama aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Akainamia dumbak, akauimba mstari wa kwanza wa ubeti ule kwa sauti nyepesi, kama mtu anayekumbusha, kisha akaacha nafasi ili bibi aupokee.

Bibi hakuupokea. Alimtazama mama kwa kitambo hata mimi nikaogopa. Halafu akanyoosha mikono, akaitwaa dumbak kutoka mapajani mwa mkwe wake, akaiweka mapajani mwake.

"Imba," akamwambia. "Usinichungulie usoni. Imba."

Mama akaimba. Nyuma ya pazia udi ulinyamaza kidogo; nadhani baba alikuwa akijiuliza ni nani huyu. Kisha akaipandisha tuni ili imkae mama vizuri, na bibi akaushika mdundo bila kukosea. Mwenye nyumba alikuja na mrashi wa kumnyunyizia mwimbaji marashi, akasita hajui aanze na nani, akawarashia wote wawili mpaka wakalowa.

Tulilala Sur kwa jamaa. Asubuhi tukashika njia ya kurudi, na tulipokaribia Ibra bibi akamgeukia mama.

"Sauti ile," akasema bibi, "ulikuwa ukimficha nani?"

"Nilikuwa nakuficha wewe, mama."

"Ukidhani nitakufa kwa wivu?"

"Nikidhani utakasirika."

"Nimekasirika. Ubeti wa nne umeuharibu."

Ami alicheka hata akakohoa. Bibi hakucheka. Alimwamuru baba asimamishe gari na azime injini, kwa kuwa mkwe wake hatasikia kitu na ngurumo ile, na baba, mtu mzima mwenye watoto, akatii mara moja. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwemo garini. Niliona jinsi mtu anavyoweza kukitoa kitu alichokipenda maisha yake yote, akakitoa kwa ukali, na mwenziwe akakipokea bila kumdhalilisha.

Malori yalikuwa yakitupita, vumbi likiingia madirishani. Bibi akauimba ubeti wa nne polepole, mstari kwa mstari, mama akimfuata. Na kila alipokosea, bibi alimrudisha mwanzo.