Nilivyomwuliza Mzungu Kama Amechoka

Nilinyimwa kazi kwa kosa la kusema Kiingereza sawasawa.

Si kwa kukosea. Kwa kupatia.

Mnacheka, wajukuu? Chekeni. Mimi Mwanatumu nina miaka themanini na mbili, nachapa haya kwa kidole kimoja, na hasira zangu ziko palepale.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Uhuru wa Kenya ulikuwa na miezi minne tu, na sisi tulidhani umeshafika hadi Diani.

Nilikuwa dobi kwenye hoteli ya mzungu mmoja. Mimi mzaliwa wa Waa, shule nimekanyaga miaka mitatu. Magadi ya kufulia yalikuwa yamenila vidole hadi kucha mbili zimeng'oka. Hata ugali nilikula kwa kijiko, na mama akiniona analia.

Basi bwana mwenye hoteli akatangaza kwamba anataka mtu mmoja wa kupokea wageni barazani. Kuwapa madafu, kuwauliza kama wamechoka na safari, kuwaonyesha vyumba. Hakuna magadi.

Niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote.

Mwenzangu aliyeitaka alikuwa Garama.

Garama alikuwa mtu mzima wa Mackinnon Road, msaidizi wa mpishi. Alijipa cheo cha mwalimu wa Kiingereza kwa kuwa eti aliwahi kufanya kazi na wazungu wa reli. Kila alasiri alitukusanya nyuma ya jiko, kifua mbele, kalamu sikioni, na kalamu yenyewe haina wino.

"'Umechoka?' kwa Kiingereza ni 'Are you tiring?'" akasema. "Semeni!"

Wenzangu wakaitikia kama kasuku. Mimi nikabana midomo.

Maana mimi nilijua. Kamba zangu za kuanikia zilikuwa chini ya dirisha la bwana. Kila adhuhuri akirudi, mkewe humwuliza, "You tired?" Maneno mawili, sauti inapanda mwishoni, sawa na sisi tunavyouliza "Umechoka?" Hakuna mbwembwe.

"Mwalimu," nikamwambia, "mbona memsabu husema 'You tired?'"

Akaisukuma kalamu nyuma ya sikio.

"Ya memsabu mwachie memsabu, binti."

Jamani! Mjinga, na bado anajishaua. Nilirudi kwenye mashuka yangu nikimcheka waziwazi, asikie.

Jumamosi bwana akatusimamisha barazani, mimi na Garama. Gari la wageni likafika.

Garama akatangulia. Akainama mbele ya bibi mmoja wa kizungu. "Are you tiring, madam?"

Bibi akaduwaa. Kisha akacheka hadi akashika nguzo. Mumewe naye akadakia, "Yes, thirty years!" Baraza zima likaangua kicheko. Bwana machozi yalimtoka.

Nikasema moyoni, kwisha habari yako, mwalimu wa kalamu kavu.

Zamu yangu. Mama mmoja kijana, vumbi hadi kwenye kope.

"You tired?"

"Oh, dead tired, my dear!" Akanishika mkono, akaanza kunisimulia habari za feri ya Likoni kana kwamba tumelelewa pamoja. Mimi naitikia tu, yes, yes.

Nikageuka kumtazama bwana, nikitarajia tabasamu. Uso umemwiva.

"Nani nafundisha wewe kusema na mugeni kama rafiki yako?" akanifokea. "Rudi kwa nguo!"

Sikieni Kiswahili hicho. Miaka ishirini kakaa kwetu, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Kazi akapewa Garama.

Jioni akanijia kambani. "Pole, binti."

"Pole ya nini? Nenda na Kiingereza chako cha kuchekesha!"

Akaokota gazeti lililofungiwa sabuni, akalisoma. Kiingereza kitupu, kinamtoka kama maji. Nikabaki na shuka mkononi.

"Nilimwuliza yule bibi kama yeye ni mtu wa kuchosha watu," akasema. "Nilijua. Huko reli nilifukuzwa mara mbili kwa kusema vizuri. Anayekosea hawamwogopi. Ndiyo maana niliwafundisha nyote vile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Nisingemsikiliza. Siku zile nilikuwa bado namcheka.

Asubuhi yake nikamwona barazani, ameinama, anakosea tena, wanacheka tena. Kwanza nilimdharau kwa ujinga wake. Siku ile nikaanza kumdharau kwa akili yake, na dharau hii ya pili haijanitoka.

Nilifua miaka sita zaidi.

Basi wajukuu, nawapa bure. Mtu uliyemzoea mwulize "You tired?" Usiyemzoea mwulize "Are you tired?" Lakini kabla hujafungua kinywa, mtazame anayekuandika kazi: anataka mtu anayejua, au anataka mtu wa kumcheka?

Kukosea makusudi ili mkubwa acheke nako ni kazi, tena ina mshahara. Iliyonishinda mimi ni hiyo, si Kiingereza.