Kitambaa cha Oili

Lazare aliijua injini kwa pua. Tangu gereji ya kambi ya wakimbizi hadi karakana ya Ingleburn, ughaibuni, alinusa oili kwanza, ndipo akashika spana. Mwaka wa korona alipewa injini ya dizeli ya boti, yenye supachaja ya kuisukumia hewa, aiandae kwa bahari iliyochafuka. Akaongeza kina cha bakuli la oili, ili mawimbi yakiiyumbisha injini isikauke. Kisha akaugua. Akapona, ila harufu hazikurudi, na mwenye boti alitaka kuondoka na wanawe Jumamosi.

Jioni alimletea mkewe, Concilie, kitambaa chenye oili ya injini ile. "Mama Ineza, ninusie."

"Leo pua yangu, unayosema inajua maharage tu, imepata kazi?" akamtania.

Lazare hakucheka. Concilie akanusa. Alitamani kusema ni safi, lakini akawakumbuka wale watoto wa mwenye boti.

"Inanuka dizeli, Baba Ineza."

Dizeli ikichanganyika na oili, injini hufia majini. Lazare akampigia mwenye boti. "Usitoke. Dizeli inavuja, nami sikuisikia. Tafuta fundi mwingine."

Kisha akakiweka kitambaa puani, akavuta pumzi ndefu, akangoja. Concilie akageukia sufuria yake, asimtazame.