Mwalimu Aliyeitwa Dume

Nilirudi Mbulu na kompyuta moja na nia ya kuanzisha kampuni. Mama aliwaambia majirani nimekuja kupumzika. Kampuni hakuitaja, maana angeulizwa inafanya nini, naye angelazimika kusema: inawatafutia ng'ombe madume.

Ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe akipata joto, mwenye ng'ombe anatuma ujumbe kwa simu yoyote, na programu yangu inaupeleka kwa mtu wa karibu mwenye dume zuri. Ukichelewa siku moja, unasubiri wiki tatu mpaka joto lirudi. Nilipanga chumba Dongobesh, nyuma ya duka la vitambaa, nikaingiza namba za wenye madume, nikazindua Jumatatu.

Jumatano mlango ukagongwa. Aliingia mzee mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, viatu vimejaa matope. Alikuwa mwalimu wangu wa hesabu shule ya msingi kule Nambis; sasa ni mstaafu na mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakukaa. Alitoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "'Wangu yuko tayari tangu alfajiri. Njoo upesi kabla hajapoa.'" Akanitazama. "Binti, huu ni wa nne. Wa kwanza aliusoma mke wangu."

Nilifungua orodha. Namba yake niliihifadhi ili nimwalike kwenye uzinduzi, nikakosea mstari, ikakaa mahali pa jirani yake mwenye dume.

"Kwa hiyo mimi ndiye dume," alisema.

"Kwenye mfumo tu, mwalimu."

Nikaanza kurekebisha haraka haraka. Yeye akauliza, "Na hao ng'ombe wanne, unajua kama wamepandishwa?"

Sikujua. Sikuwa hata nimefikiria kuuliza.

"Wamepandishwa. Nimeliswaga mwenyewe dume la jirani, nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanasubiri."

Tulipanda boda boda mbili hadi kwake, nikamweleza mkewe. Mama yule alimnyang'anya mumewe simu, akasoma upya zile jumbe, kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mimi nimemnyima chai siku mbili!"

Siku ileile nilimwomba mwalimu tufanye kazi pamoja. Alikubali kwa sharti moja: programu ijifunze adabu, maana inamrukia mtu bila salamu. Nilimweleza kwamba haiwezi kujua nani mkubwa, nani mdogo.

"Basi iwaamkie wote."

Ikawa hivyo. Vijana wa Nambis walioamkiwa shikamoo na simu walionyeshana ujumbe huo sokoni, na watu wakaanza kuniulizia.

Sasa mwalimu ana meza yake dirishani. Kila Jumatatu anachapisha orodha ya namba na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari. Wiki iliyopita nilipata kumi na nane kwa ishirini. Chini aliandika: "Ongeza bidii."