Cherehani ya Fundi Mathias Nyuma ya Kamba

Ukifika Isevya ukauliza fundi Mathias anakaa wapi, utaambiwa fuata sauti. Cherehani yake ya miguu inanguruma kama treni inayopanda kilima, na watoto wa mtaa ule wameizoea tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Mathias alizaliwa Usoke, kwenye mashamba ya tumbaku. Alipohamia mjini na mama yake, Recheli, mzigo wao wa maana ulikuwa cherehani hiyo. Recheli naye aliirithi kwa mama yake. Juu yake Mathias alijifunza kushona, juu yake lilishonwa gauni la harusi la marehemu mkewe, Josepha, na sasa lilikuwa likishonwa la binti yao, Julieth.

"Baba, gauni la mashine nyingine sivai," Julieth alikwisha kusema. "Bora niende altareni na kanga."

Maneno hayo Mathias aliyapenda kuliko alivyoonyesha.

Wiki ya harusi, jirani yao Mwalimu Ezekia, anayefundisha Historia sekondari, alileta suruali ipunguzwe. Akainama chini ya cherehani, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma namba. Macho yakamtoka.

"Mzee, unajua hiki ni nini? Hii ni ya Marekani! Karne ya kumi na tisa! Kesho shuleni tuna maonyesho na mgeni rasmi anakuja. Niazime asubuhi, jioni nakurudishia."

Gauni lilikuwa limebaki mkono wa kushoto tu. Mathias akawaza, mkono mmoja ni kazi ya jioni moja. Akakubali.

Kesho yake mgeni rasmi hakuja. Keshokutwa wakasema yuko kikaoni. Cherehani ikabaki darasani, imezungushiwa kamba ya katani, na ubaoni kumeandikwa: USIGUSE.

Majidi, Mzaramo mwenye duka la vitambaa ambaye Mathias anashonea barazani kwake, hakumwacha apumue.

"Nyie Wanyamwezi nyie! Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Wewe mzigo wako mwenyewe umewapa watu, hawarudi nao!"

"Mtani, nyamaza. Babu zako walikuwa wanatungoja pwani watucheke tu."

"Na bado tunacheka! Mwambie bwana harusi apunguziwe mahari, anaoa gauni la mkono mmoja."

Mathias alicheka. Harusi ilikuwa kesho yake.

Ijumaa hiyo akalifunga gauni kwenye kanga, akaenda shuleni. Wanafunzi walikuwa wamepangwa mistari juani. Mwalimu Ezekia alikuwa amevaa tai, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimefuata cherehani yangu."

"Mzee wangu, mgeni yuko njiani."

"Na harusi iko njiani."

"Nakuomba, asiikose! Ndiyo kitu kikubwa tulichonacho." Akamshika mkono, akamwingiza darasani, akamwonyesha karatasi ndefu iliyobandikwa pembeni. "Hebu soma mwenyewe."

Mathias akasoma taratibu. Iliandikwa kwamba zama zile Wamarekani walivumbua mashine za kila namna, wenye viwanda wakatajirika, wakajenga majumba yenye vyumba vingi kupita watu wa kulala humo. Na kwamba wanawake walioshona kwa mashine hizo walikaa wamebanana katika vyumba visivyo na madirisha.

"Mashine hizi hizi?" akauliza.

"Hizi hizi."

"Sasa aliyejenga majumba ni nani, aliyekuwa anashona?"

"Hapana, mzee. Aliyekuwa na kiwanda."

"Na aliyekuwa anashona?"

"Aliendelea kushona."

Mathias akakuna kichwa. Mama yake hakuwahi kumtajia majumba. Alimfundisha kutia mafuta tu, na kutokanyaga pedeli akiwa na hasira.

Mara filimbi ikalia getini na mwalimu akatoka mbio. Mathias akabaki peke yake na cherehani yake, katikati yao kamba. Akaitazama kamba. Akalitazama gauni. Akainama, akapita chini ya kamba.

Satini ni kitambaa kisumbufu, kinateleza kama kambare. Barazani huweka gazeti chini yake, akashona vyote pamoja, kisha akalichana gazeti likatoka. Hapa gazeti hakuna. Mkono wake, uliozoea kuokota karatasi yoyote iliyo karibu bila kumuuliza mwenyewe, ukabandua ile ndefu ya pembeni. Akaichana vipande, akakanyaga pedeli.

Hakusikia mlango. Alipomaliza mshono wa mwisho na kuinua macho, mama mmoja mwenye kitenge cha heshima alikuwa amesimama mbele yake na msafara mzima. Mwalimu Ezekia alikuwa anatazama pembeni ambako karatasi yake haipo, mdomo wazi.

"Maelezo yake yako wapi?" mgeni akauliza.

Mathias akaona vipande mapajani mwake. Akavifunika kwa kanga.

"Mzee, hii ndiyo mashine ya Marekani?"

"Ndivyo ninavyoambiwa, mama. Ila meza ni mninga wa hapa. Mkanda ni ngozi ya ng'ombe wa Lusu. Pedeli ilivunjika, akaitengeneza mhunzi wa Usoke. Kichwa labda ndicho cha Marekani. Mimi niliikuta kwa mama."

"Na wanasema ilileta utajiri mkubwa."

"Nimesoma hivyo sasa hivi." Akafikiri. "Labda uliisha kabla haijafika kwetu."

Mgeni akacheka, msafara wote ukacheka. Mathias hakujua wanacheka nini. Mwalimu hakucheka, lakini jioni aliisukuma cherehani mwenyewe kwa mkokoteni mpaka Isevya.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, gauni lina mikono yote miwili. Julieth akajikuna bega.

"Baba, kuna kitu kinanichoma." Akaingiza vidole kwenye mshono, akatoa kipande cha karatasi, akasoma: "'Majumba yenye vyumba vingi...' Baba, nini hii?"

"Marekani," Mathias akajibu.

"Marekani inafanya nini begani kwangu?"

"Mwanangu, ningekuwa nimeelewa ningekueleza. Geuka nikutolee kilichobaki."

Kwaya ikaanza kabla hajakipata. Akampa mkono, wakaingia, na kila Julieth alipoinua bega, kitu kikalia humo ndani, chakacha, chakacha.