Miguu ya Baba Mabegani Mwangu

Baba yangu hakuwahi kuonekana pekupeku na mtu yeyote isipokuwa mama. Alikulia Bukavu, na huko, ananiambia mpaka leo, mwanaume hata akienda kununua sabuni huvaa soksi. Kwa hiyo tulipoteremka kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, hadi kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Nyakabuye, nilishangaa kumwona akivua viatu na suruali mbele za watu, akabaki na kaptula. Magoti yalikuwa yamemchosha, na maji yale kila mtu kwetu huyasifia. Tansiyo yake, ile presha ya damu, hakuna aliyeikumbuka. Dawa alikuwa amemeza asubuhi kama kawaida.

Alikaa majini muda mrefu, akitaniana na wazee wenzake. Kisha akasema joto limemzidi, akasimama ghafla, na palepale akaanguka kama shati lililochomoka kwenye kamba. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Wanaume wawili walimtoa majini. Heshima ndiyo iliyotaka kumuua: walimshika makwapani, wakamkalisha wima juu ya jiwe, kama mzee anavyostahili. Macho yakageuka meupe. Uso ukawa wa majivu.

"Mumulalishe chini!" akapaza sauti mama mmoja aliyekuwa akioga; baadaye nilijua ni muuguzi. "Chini kabisa, na miguu juu!"

"Maman, mzee atalala mu matope sawa mulevi?" aliuliza mmoja wa wale wanaume.

"Basi mumukalishe, mumuue!"

Niliwasukuma. Mimi, ambaye hata sokoni naogopa kugombana, niliwasukuma wanaume wazima, nikamlaza baba kwenye matope na kuweka visigino vyake mabegani mwangu.

Yule mama alimshika mkono akisikiliza mapigo, akanieleza. Chini ya ngozi kuna vijishipa vyembamba kuliko unywele. Joto huvilegeza ili mwili upoe. Mtu akisimama, hujibana vyenyewe ili damu isibaki chini, ifike kichwani.

"Bya papa bimelegea," alisema, akimtazama baba. "Ni joto, na tena ile dawa ya tansiyo. Damu imebakia ku miguu."

Hapo nilishtuka kuliko alipoanguka. Miaka yote baba amesimama kanisani, amesimama mpakani akingoja kuvuka, nami nilidhani ni yeye aliyesimama. Kumbe alishikiliwa na vitu visivyoonekana, ambavyo havikuwahi kumwomba ruhusa. Na siku moja tu vilichelewa kidogo. Niliogopa sana.

Rangi ilirudi midomoni kwanza. Akafumbua macho, akaona mawingu, akaona vidole vyake vya miguu vimesimama wazi mbele za watu wote. Nikangoja anifokee.

"Ni nani anashika miguu yangu?"

"Ni miye, papa."

Akavitazama tena vidole vyake.

"Usiachilie."