Siku Niliyofundisha Theluji Juu ya Rundo la Mchanga

Haya nayasema nikiwa nimeinamisha macho, na mtakaocheka chekeni tu, maana watu zaidi ya mia mbili wa kambi yetu ya wafanyakazi kule Industrial Area, Uarabuni tulikokwenda kutafuta kazi, walishanicheka kabla yenu.

Ilikuwa Januari, miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu, na kampuni yetu ilikuwa na desturi kwamba kila asubuhi, kabla hatujapanda basi kwenda saiti, mtu mmoja anasimama uani na kutupa somo la usalama kwa dakika kumi, na siku hiyo meneja mwenyewe alikuja kusikiliza kwa sababu alikuwa anatafuta msaidizi wa usalama (kazi ya ofisini, kiyoyozi, hakuna kubeba mabomba tena, na mgongo wangu ulikuwa umechoka kweli). Waliotangulia siku za nyuma walizungumzia ngazi na kunywa maji. Mimi nikaona hayo ya watoto. Wiki hiyo theluji ilikuwa imeanguka nyingi mno huko Nepal, na Wanepali wetu walishinda kwenye simu wakiulizia nyumbani, basi nikaamua kufundisha maporomoko ya theluji, mimi mtu wa Nanyuki, niliyeuza chapati kwenye geti la mlima miaka miwili na kuikanyaga theluji mara moja tu (tena iliishia kwenye soli).

Nikasimama kifua mbele. Nikawaambia theluji ikiacha kuanguka na jua likitoka, hatari imekwisha, nendeni, ila mshikane mikono na msipige kelele kwa sababu kelele ndizo zinazoangusha theluji. Meneja akawa anaitikia kwa kichwa, nami nikanogewa. Hapo Pasang, Mnepali mpole niliyekaa naye chumba kimoja, akainua mkono.

"Sadiki, samahani. Kelele si kitu. Theluji ikianguka nyingi, unangoja siku mbili, tatu, hata kama jua linawaka. Na pale penye mteremko mkali mnapita mmoja mmoja, wengine wanamtazama."

Watu wote wakamgeukia yeye. Ningenyamaza, lakini wapi! Nikasema maneno matupu hayatoshi, nitawaonyesha kwa vitendo, nikaenda moja kwa moja kwenye rundo la mchanga wa ujenzi pale uani, refu kuliko basi, tingatinga limelichota upande mmoja hadi likabaki limesimama wima, na mvua ya jana yake imeligandisha juu, nikaanza kulipanda.

"Mafi kwes, si vizuri!" Pasang akaita, akianza na Kiarabu chetu cha saiti. "Juu pagumu, chini pamelegea. Theluji inaua hivyo hivyo. Shuka!"

"Tulia bro, mimi mlima naujua," nikamjibu, nikapiga hatua ya tatu.

Niliona ufa unakimbia juu ya kichwa changu, halafu mchanga ukanibeba na kunifukia hadi kidevuni, miguu sijui iko wapi, kifua kimebanwa hata pumzi haiingii vizuri, na jamani niliogopa, nililia mama mbele ya meneja. Watu wakaanza kunikimbilia kwa kupanda rundo lile lile, na sehemu iliyobaki juu ikaanza kuchururika.

Pasang ndiye aliyewazuia. Yule mtu ambaye hata akiomba chumvi husikii sauti yake, alinguruma: "Simameni! Mmoja atazame juu, mchanga ukisogea apige kelele. Wawili njooni na mimi, tunachimba kutoka pembeni!" Akanifungua uso kwanza, kisha kifua, kwa mikono, haraka lakini bila papara, huku akiniambia, "Nitazame mimi. Pumua polepole." Sijawahi kumwona mtu akijua kazi yake namna ile. Wakanivuta nikatoka bila viatu wala suruali, na hapo ndipo kambi nzima ikaangua kicheko.

Meneja akamuuliza Pasang amesomea wapi.

"Nyumbani," akasema. "Kaka yangu alifukiwa. Tulikimbia wote kwa juu, kama hawa. Theluji ikashuka tena."

Mimi nikajifunga taulo la mtu, nikamwendea meneja nikamwambia asihangaike kutafuta, msaidizi wake ndiye huyu, na kwa kweli Pasang akapewa kazi ile na hakuna aliyeistahili kama yeye. Nami niliapa sitasimama tena kufundisha nisichokijua, maana nyuma ya umati anaweza kuwa amekaa mtu kimya, ambaye somo hilo alilijua siku aliyomzika ndugu yake.